Mnara umefika, mwandishi yuko wapi?

Tangu Mei 2023, serikali na kampuni za simu zilipotia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kila mnara unapowashwa hotuba ni ileile: wananchi wa hapa wameungana na dunia, wameingia kwenye uchumi wa kidijitali, na sasa watashiriki kikamilifu. Kwa mnara wenyewe sina neno. Mtu wa Kilindi aliyekuwa akipanda kilima kutafuta netiweki ili atoe taarifa ya msiba ana haki ya kupiga vigelegele. Ninachokikataa ni hilo la mwisho, la kushiriki. Kuunganishwa na kuchangia ni mambo mawili, na la pili halizaliwi na la kwanza. Mtu huchangia maarifa akiwa na kazi inayomweka mezani, vyanzo vilivyo karibu naye, bando lisilomkimbiza, na mradi ambao kanuni zake hazimfungii mlango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuja na mnara. Sisi wa Tanga tuna ushahidi wa jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, ila hatujakaa tukautazama.

Nisemapo kuchangia sina maana ya kupandisha picha za harusi. Nasema kuandika na kusahihisha Wikipedia ya Kiswahili, kuchora mtaa wako kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kuweka picha za majengo ya kale mahali ambapo mwanafunzi yeyote atazikuta na kuzitumia bure. Miradi hii haina mwenyewe wa kumwajiri mtu. Imejengwa juu ya dhana kwamba kila mwenye intaneti ni mwandishi anayesubiri nafasi. Dhana hiyo ilizaliwa Marekani na Ulaya, kwenye nyumba zenye kompyuta mezani na mtandao unaolipiwa kwa mwezi. Hapa kwetu imefika ikiwa imevaa kanzu ya ukweli wa dunia nzima.

Tuanze na takwimu, maana nusu ya upotofu iko humo. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, za mwisho wa 2024 zilionesha laini za simu zaidi ya milioni 80. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwamo watoto wachanga wa Handeni na bibi zao wasiogusa simu. Laini zimewazidi watu kwa sababu ya maisha tunayoyajua wote: laini moja ya miamala, nyingine ya bando la bei nafuu, ya tatu aliyokuachia shemeji alipohamia Mwanza. Kwa hiyo tukiambiwa watumiaji wa intaneti wamepita milioni 40, kilichohesabiwa ni laini zilizogusa data, wala si vichwa vya watu. Na hata vingekuwa vichwa, hesabu hiyo inamweka kwenye kapu moja aliyefungua stetasi za WhatsApp mara moja na aliyekesha akiandika. Kipimo hicho kinamfaa mwenye kuuza vocha. Anayetaka kujua kama taifa linaandika hakimsaidii kitu.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza Machi 2003. Leo ina makala zaidi ya 80,000, kwa lugha ambayo UNESCO inaikadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200. Wafini, ambao hawafiki milioni sita, wana makala zaidi ya 500,000. Ukifungua historia ya makala nyingi za Kiswahili utakutana na majina yaleyale, watu wachache walioubeba mzigo huu miaka na miaka, na baadhi yao Kiswahili wamejifunza ukubwani. Nawashukuru, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini tukilinganisha na Wafini, tusidhani tofauti ni minara tu. Wao waliingia kwenye mradi wakiwa na maktaba hadi miji midogo, magazeti ya karne nzima yaliyohifadhiwa, na walimu ambao kuandika ni sehemu ya maisha yao. Intaneti ilikikuta kitu kimeshakuwapo, ikakipanua.

Sasa turudi Tanga. Mjerumani alianza kujenga reli ya Usambara hapa mwaka 1893, mwaka ambao mkonge nao uliingizwa nchini. Reli ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Hakuna aliyeijenga ili Mbondei au Msambaa apate kusema neno. Ilijengwa ibebe mali kuishusha bandarini. Hata hivyo, mwaka 1904 kukaanza kutoka hapahapa Tanga gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likachapishwa kila mwezi katika shule ya serikali. Habari zililetwa na Waafrika waliokuwa kwenye vituo vya bara na pwani, wakiandika kuhusu mvua, safari, maradhi, maakida na mambo ya shule. Nani hawa? Walikuwa walimu na makarani. Walikuwa na mshahara, meza, wino, na mwalimu mkuu au bwana shauri ambaye kwake kuandika kulihesabika kuwa ni kazi. Reli na posta viliwasaidia kufikisha barua, hilo halina ubishi. Lakini kando ya reli hiyohiyo waliishi maelfu ya vibarua wa mashamba ya mkonge, walioisikia treni ikipiga honi kila siku, na hawakuandika hata mstari mmoja. Njia ilikuwa moja kwa wote. Kilichowatenga ni nafasi ya mtu katika kazi.

Gazeti lenyewe halikuwa huru, na nisije nikalipamba. Lilikuwa la serikali ya kikoloni, likasema yale ambayo serikali hiyo ilivumilia yasemwe. Nalileta kwa sababu moja tu: ni mradi wa maarifa wa Kiswahili uliochangiwa na Waafrika wengi, ukafanya kazi zaidi ya muongo mmoja, na tunajua ulisimama juu ya nini.

Ushahidi wa pili ni wa juzi. Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam, wa kwanza wa baharini kuifikia nchi yetu. EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, ghali na za polepole, na wanaokumbuka intanetikafe za wakati ule wanajua maana ya kusubiri ukurasa mmoja hadi soda iishe. Mwisho wa mwaka huohuo wa 2009, Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwamo kompyuta na simu. Mkongo ulikuwapo, motisha ilikuwapo, vijana wasomi walikuwapo. Makala mamia zikaandikwa, nyingi zikiwa tafsiri. Shindano lilipofungwa mwanzoni mwa 2010, wengi wa waandishi hao hawakuonekana tena, na wahariri wachache wa kudumu wakaachiwa kazi ya kufagia. Ukitaka jaribio la wazi la nadharia ya mtandao pamoja na zawadi, lilishafanyika, majibu tunayo.

Kinyume chake ni Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam 2015. Hapo wanafunzi wa vyuo, wakiwamo wa Chuo Kikuu Ardhi, waliingia Tandale, Manzese na kata nyingine zinazofurika, wakishirikiana na wenyeji kuchora nyumba, mifereji na njia kwenye OpenStreetMap. Ramani ikajaa kiasi kwamba hadi leo ukilinganisha sehemu hizo na miji yetu mingine unaona tofauti kwa macho. Sababu yake haikuwa uzalendo wa ghafla. Kwa wanafunzi kazi ile ilihesabiwa kuwa mafunzo kwa vitendo. Kulikuwa na vifaa, wasimamizi, na mtu wa kuuliza umefikia wapi. Kuchangia kulikuwa wajibu wao wa siku ile. Kwa maneno mengine, walikuwa makarani wa 1904 wenye GPS mkononi.

Wapo watakaonijibu kwamba nafumbia macho jambo la msingi: bila mtandao hakuna chochote, kwa hiyo tujenge kwanza, hayo mengine yatajileta. Hoja hii ina nguvu na inastahili kuheshimiwa. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kusini mwa bara, nchi karibu nzima ilisinzia. Oktoba 2025 mtandao ulipozimwa siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, hakuna aliyesahihisha makala wala kuchora njia. Nakubali kabisa kwamba mtandao ni sharti. Ninachokataa ni kwamba unatosha. Mark Graham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika utafiti uliochapishwa 2014, walilinganisha kuenea kwa mtandao wa kasi na michango ya Wikipedia duniani, wakakuta kwamba mtandao unaeleza sehemu tu ya tofauti, na Afrika kusini mwa Sahara iko nyuma hata ya pale ambapo muunganiko wake ungeifikisha. Kuna kitu kingine kinachotuzuia kati ya kusoma na kuandika, na hicho hakipungui kwa kuongeza minara.

Sehemu ya kitu hicho iko kwenye bei, ila bei kwa namna isiyosemwa sana. Tunabishana kuhusu shilingi ngapi kwa megabaiti ngapi, kama tulivyobishana Aprili 2021 vifurushi vilipopandishwa, wananchi wakapiga kelele, na serikali ikasitisha ndani ya siku chache. Kisichozungumzwa ni saa. Bando linalonunuliwa na wengi ni la saa 24 au la wiki, nalo lina hukumu yake: likifika muda, kilichobaki kinapotea. Vipo vifurushi visivyo na ukomo wa muda, lakini kwa kawaida pesa ileile inakupa data kidogo zaidi. Mwenye bando la siku hafanyi kazi ya kurudiarudia. Anapakua, anatazama, anajibu, anamaliza. Kuandika makala yenye vyanzo ni kinyume cha hayo: unaandika aya leo, unatafuta kitabu kesho, unarudi keshokutwa kufuta ulichoandika. Halafu kuna lile bando la mitandao ya kijamii pekee, la bei ya chini kabisa, linalomfungulia mtu WhatsApp na Facebook na kumfungia kwingineko kote. Wikimedia Foundation wenyewe, shirika linaloendesha Wikipedia, walijaribu dawa ya aina hiyo kwa mradi wa Wikipedia Zero, ulioanza 2012, uliowapa watu wa nchi kadhaa Wikipedia bila kukatwa data. Waliufunga 2018. Nauona ulikuwa na nia njema, ila uliwalenga wasomaji.

Ukitaka kumwona mchangiaji tunayemkosa, pita Ngamiani asubuhi ya Jumatatu, barabara yoyote kati ya zile za namba, uingie stesheneri. Utamkuta dada amekaa mbele ya kompyuta ya mezani ambayo herufi za kibodi zimefutika, anachapa barua ya maombi ya kazi kutoka kwenye karatasi ya daftari, huku nyuma yake dirisha jingine limefunguliwa fomu ya mkopo wa chuo ya mtoto wa mtu, na watu watatu wamesimama na vyeti vya kuskani mikononi. Anachapa bila kutazama vidole. Anamsahihisha mteja bila kuombwa: “Hapa baba tuweke ‘nimehitimu’, ‘nimemaliza’ watakuona mtu wa mtaani.” Ana mtandao, ana kibodi, ana lugha safi, na kwa siku huchapa maneno mengi kuliko waandishi wengi wa magazeti. Kila ukurasa anaouchapa ni pesa ya mwenye duka. Saa kumi na mbili jioni akifunga, nyumbani kuna mtoto na jiko. Huyu hakosi mnara. Kama kuna mtu angeweza kuifikisha Wikipedia ya Kiswahili mbali, ni yeye na wenzake walioko kila kituo cha daladala nchini, na hakuna mradi hata mmoja unaomhesabu.

Ndiyo maana hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa zaidi vijiweni na kwenye semina: ati vijana wetu ni wavivu, wanapenda umbea na mpira, kuandika hawataki. Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la ukoo au la waliosoma pamoja Usagara, uone. Watu wanaandika historia ya mtaa kwa aya ndefu, wanabishana nani alikuwa mwalimu mkuu mwaka gani, wanatuma picha ya daftari la zamani kuthibitisha, wanasahihishana hadi usiku wa manane. Tabia zote za mhariri wa ensaiklopidia zimo: ubishi, ushahidi, marekebisho, na hata yule mmoja anayekerwa na nukta. Maandishi hayo yanapotea simu ikiibiwa. Yanaandikwa pale kwa sababu bando la pale ni nafuu, wasomaji wa pale wanamjua mwandishi, na hakuna anayemrudishia kazi yake na maneno ya kanuni. Mvivu haandiki aya sita kwa kidole gumba kuhusu timu ya Coastal Union ya 1988.

Na kanuni zenyewe nazo zina sehemu yao, jambo ambalo wapenzi wa miradi hii hawapendi kulisikia. Miradi ya Wikimedia inazuia uhariri unaopitia proksi za wazi, yaani seva za kati zinazoficha anwani halisi ya mtumiaji, ili kuwakomesha waharibifu wanaojificha. Seva nyingi za VPN zimo kwenye orodha hiyo. Sasa tazama hali ya hapa: tangu Mei 2025 mtandao wa X haufunguki Tanzania bila VPN, hivyo watu wengi wanaiacha imewashwa kutwa nzima. Mtu huyo anaisoma Wikipedia bila shida. Akibonyeza kuhariri, anakutana na tangazo kwamba anwani yake imefungiwa. Ongeza na hili: kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mharibifu mmoja akifungiwa, anaweza kuzuiwa pamoja naye mwalimu wa Pongwe ambaye hata hajaanza. Upo utaratibu wa kuomba kuondolewa kizuizi, ila mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza haombi radhi kwa kosa asilolifanya. Anafunga ukurasa. Wahariri wa Kiafrika wamelilalamikia jambo hili miaka kadhaa, na marekebisho yamekuja kwa mwendo wa kobe. Kanuni hiyo inaeleweka. Ila ilitungwa na watu ambao kwao kila nyumba ina anwani yake, na gharama yake inalipwa na wasio nayo.

Kikwazo kizito kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni vyanzo. Chukua silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka zama za dinosaria hadi alipoopolewa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa pwani yetu, wakiwamo wa Kigombe na Mwarongo, wamekuwa wakimnasa kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa maji ya kina. Kwa sababu hiyo mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari ya silikanti kati ya Tanga na Pangani. Mvuvi wa Kigombe anajua jarife lilikuwa kina gani, mwezi ulikuwa wapi, maji yalikuwa bamvua au mafu, samaki alitoka na rangi gani na ilichukua muda gani kufifia. Wikipedia haiwezi kuyapokea maneno yake, kwa kuwa inataka kilichochapishwa na mtu mwingine kabla. Kilichochapishwa ni makala za kisayansi za Kiingereza, nyingine nyuma ya malipo. Basi hata mvuvi huyo akipewa simu janja, bando la mwaka mzima na mnara nyuma ya banda lake, hawezi kuandika anachokijua. Anaweza tu kutafsiri walichoandika wageni waliokuja kumuuliza yeye.

Wapo wanaotaka kanuni hiyo ivunjwe, masimulizi yapokelewe kama yalivyo. Siko nao. Ensaiklopidia isiyodai ushahidi itajaa wenye majina na wenye ubishi mkubwa, na mvuvi atakuwa wa mwisho tena. Njia iliyonyooka ni kuchapisha zaidi hapahapa: halmashauri ziweke kumbukumbu zao wazi, redio za mkoa zihifadhi vipindi vyao na maandishi yake, vyuo vitoe tasnifu zao za Kiswahili bila kufuli, wazee na wavuvi wahojiwe na mahojiano yatolewe kama vijitabu vyenye tarehe na jina. Kule Amani, Muheza, kulikuwa na taasisi ya utafiti tangu 1902. Yaliyochunguzwa kule juu ya misitu ya Usambara yaliandikwa Kijerumani, kisha Kiingereza. Miaka zaidi ya 120 imepita, na mtoto wa Muheza anayetaka kusoma kwa Kiswahili habari za msitu anaouona dirishani anaambulia aya mbili.

Siku hizi yamezuka majibu mepesi ya kila kitu, kwamba akili bandia itatafsiri yote na habari itaisha. Itatafsiri nini? Kisichoandikwa na mtu hakitafsiriki, na habari za jarife la Kigombe hazimo kwenye Kiingereza pia. Zaidi ya hapo, mashine hizi hujifunza lugha kwa kusoma maandishi yaliyoko mtandaoni, Wikipedia ikiwamo. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti, yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Miaka yote hiyo hakuna aliyestuka, kwa sababu wenyewe hawakuwapo. Kiswahili hakijafikia huko, ila makala zinazonuka tafsiri ya mashine zinaongezeka, na kila moja ni somo bovu kwa mashine ya kesho.

Kama haya ni kweli, pesa na juhudi zielekezwe pale ambapo kazi na meza tayari vipo. Mimi naona walimu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwao. Wana MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, ambayo tayari yanawakutanisha shuleni kujifunza pamoja. Wana mada za kufundisha ambazo hazina maandishi ya Kiswahili ya kutosha, na wana wanafunzi wa kuwasomea rasimu. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka kusema kwamba makala yenye vyanzo kuhusu kata yako ni kazi halali ndani ya MEWAKA, inahesabika, na bando lake linalipwa na ofisi. Wanaosema walimu wamezidiwa wanasema kweli. Ndiyo maana isiwe nyongeza juu ya mzigo, ichukue nafasi ya moja ya zile ripoti zinazojazwa na kufungiwa kabatini. Maktaba ya mkoa hapa Tanga nayo ingefaa kuwa na chumba chenye mtandao wa mwezi, usiohesabu saa, ambapo hata yule dada wa stesheneri angelipwa siku moja kwa wiki kuchapa mahojiano ya wazee. Gharama yake ukiiweka kando ya gharama ya mnara mmoja, haionekani.

Hapo ndipo patakapoanza ugumu ambao sitaki kuupita kimyakimya. Mwalimu ni mtumishi wa serikali. Akiandika kuhusu silikanti atapongezwa. Akiandika historia ya mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza, nani alipewa, nani aliondolewa, yalibaki mapori kwa muda gani, simu itapigwa kutoka wilayani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizomtaka hata mwanablogu akate leseni, ziliwafundisha wengi kunyamaza. Zilirekebishwa baadaye, lakini tabia ya kunyamaza hairekebishwi kwa tangazo kwenye gazeti la serikali. Walimu wa enzi ya Kiongozi walikuwa na mpaka huohuo, wakaandika kilichowezekana. Leo tuna kidogo zaidi yao: Wikipedia inaruhusu jina la bandia, makala moja inaweza kuwa na mikono ishirini, na sentensi yenye chanzo kilichochapishwa ni ngumu kumbebesha mtu mmoja. Sidhani kama hiyo inatosha kumlinda mwalimu mmoja wa Lushoto aliye peke yake. Kwa walimu mia mbili wa mkoa mzima hesabu inabadilika, na kwa sababu hiyo ningependa waanze na samaki, shule na vyanzo vya maji, wazoee kazi na kufahamiana, mashamba ya mkonge yaje wakishakuwa wengi.